Intaneti ya kupiga simu

Intaneti ya kupiga simu ni njia ya kuunganisha kompyuta na intaneti kwa kutumia laini ya kawaida ya simu ya mezani. Kompyuta hupiga namba ya mtoa huduma kama mtu anavyompigia mwenzake, hubaki kwenye simu muda wote wa kazi, kisha hukata. Nchini Tanzania hiyo ndiyo ilikuwa njia kuu ya kupata barua pepe kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi simu za mkononi zilipoanza kubeba data katika miaka ya 2000.

Makala hii inaeleza jinsi muunganisho huo unavyofanya kazi, unavyosanidiwa na unavyotengenezwa unapogoma. Mifano imetoka hasa kaskazini mwa Tanzania, kuanzia Arusha na Karatu hadi Digodigo, kata ya Wilaya ya Ngorongoro katika nchi ya Wasonjo (Watemi), kwenye njia ya kutoka Ziwa Natron kwenda Wasso na Loliondo. Eneo hilo linafaa kwa sababu linaonyesha hali zote tatu: jiji lenye mtoa huduma wake, mji mdogo ambako simu ya Arusha ni ya masafa, na vijiji vilivyotegemea simu ya upepo. Kifaa kilikuwa karibu kilekile kila mahali. Kilichotofautiana ni bei ya dakika moja na ubora wa njia, na karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na mambo hayo mawili.

Jinsi inavyofanya kazi

Laini ya simu iliundwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Hupitisha milio ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na mingine huiacha. Kompyuta haina sauti. Ina tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kifaa kiitwacho modemu hukaa kati ya kompyuta na tundu la simu. Hugeuza tarakimu kuwa milio, na milio inayopokelewa huirudisha kuwa tarakimu. Kwa mtoa huduma kuna modemu nyingine zinazosubiri kupigiwa, na kila moja huhudumia mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mtoa huduma mwenye laini 10 angeweza kuwa na wateja mia, lakini jioni mteja wa kumi na moja alisikia mlio wa simu inayotumika.

Simu inapopokelewa, modemu mbili husalimiana. Milio ya ajabu ambayo watu wengi wanaikumbuka ndiyo salamu yenyewe. Kwanza husikika mlio mmoja mrefu wa hezi 2,100 kutoka upande unaoitikia, halafu vilio vifupi vya kubishana, halafu mvumo kama wa maji yanayomwagika. Katika sekunde hizo 10 hadi 30 modemu hukubaliana aina ya mawasiliano, hupima laini ina kelele kiasi gani na huchagua kasi. Fundi mzoefu alijua kwa sikio tu kama simu itafanikiwa.

Baada ya salamu hiyo kipaza sauti cha modemu hunyamaza na mazungumzo ya pili huanza, safari hii kati ya kompyuta na seva, kwa itifaki iitwayo PPP. Kompyuta hutoa jina la mtumiaji na neno la siri. Seva huyakagua, kisha huipa kompyuta anwani ya IP ya muda. Baada ya hapo ndipo programu ya barua au kivinjari huweza kufanya kazi. Ni muhimu kutenganisha hatua hizi mbili, maana mtu aliyeandika neno la siri kimakosa anaweza kushinda siku nzima akibadilisha waya.

Kasi hupimwa kwa biti kwa sekunde. Modemu za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa za 2,400. Mwaka 1991 kilikuja kiwango cha 14,400, mwaka 1994 cha 28,800, kisha 33,600 mwaka 1996. Mwaka 1998 kilitoka kiwango cha V.90, ambacho sanduku lake liliandikwa 56,000. Hicho cha mwisho hutaka modemu za mtoa huduma ziunganishwe kidijitali na mitambo ya simu, na njiani sauti igeuzwe mara moja tu. Wengi walionunua modemu za aina hiyo kwa laini za miji midogo hawakuiona kasi iliyoandikwa kwenye sanduku, na hakukuwa na mipangilio ambayo ingewapa.

Kwa kasi ya 28,800 hupita takriban kilobaiti tatu na nusu kwa sekunde, kwa hiyo barua ya ukurasa mmoja humalizika upesi kuliko salamu ya modemu. Picha ya megabaiti moja ni jambo jingine. Ikiambatishwa kwenye barua huongezeka kwa theluthi moja kwa sababu ya jinsi viambatisho vinavyoandikwa, na huchukua zaidi ya dakika sita. Kwenye laini ya 2,400 picha hiyohiyo ingechukua zaidi ya saa nzima, kama laini isingekatika kwanza.

Historia kaskazini mwa Tanzania

Barua pepe ilifika Arusha kabla ya intaneti yenyewe. Mwaka 1984 Mmarekani Tom Jennings alianzisha FidoNet, mtandao wa kompyuta ambazo hazikuwa zimeunganishwa muda wote bali zilipigiana simu kwa zamu, zikabadilishana mafurushi ya barua na kukata. Utaratibu huo uliifaa sana Afrika, ambako dakika moja ya simu kwenda Ulaya iligharimu dola kadhaa. Shirika la GreenNet la London likawa mlango wa vituo vingi vya namna hiyo barani: liliwapigia, likachukua barua zilizokusanyika na kuacha zilizowajia.

Kituo cha Arusha kiliitwa Arusha Node Marie, na baadaye kikawa Habari, mtoa huduma wa intaneti. Anwani za wakati ule zilimalizikia na marie.gn.apc.org, ambapo herufi «gn» zilisimama badala ya GreenNet. Mtu aliandika barua kwenye kompyuta yake, akakipigia kituo, akaiacha huko. Barua zilikusanywa, zikabanwa kuwa faili moja dogo na kusafiri kwa simu moja. Jibu halikutazamiwa papo hapo. Lilikuja kesho au keshokutwa. Hata hivyo, kwa mtu aliyezoea kusubiri barua ya posta kwa majuma matatu, hiyo ilikuwa kasi kubwa.

Dar es Salaam palikuwa na njia nyingine kwa ajili ya afya. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, liliendesha mtandao wa HealthNet, na mwaka 1993 satelaiti yake ndogo HealthSat-2 ilirushwa. Satelaiti hiyo haikusimama mahali pamoja angani. Ilipita juu mara chache kwa siku, ikapokea barua kutoka kituo cha chini na kuzishusha mahali pengine duniani.

Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL) ilianza kazi mwaka 1994 baada ya shirika la zamani la posta na simu kugawanywa. Nusu ya pili ya miaka ya 1990 ilileta watoa huduma wa intaneti kamili, kwanza Dar es Salaam, kisha miji mingine. Lakini laini zenyewe zilikuwa chache. Karibu na mwaka 2000 nchi nzima haikufikisha laini 200,000 za simu za mezani kwa watu zaidi ya milioni 30, na nyingi zilikuwa mijini.

Vifaa

Vilihitajika kompyuta, modemu, laini ya simu inayofanya kazi na akaunti kwa mtoa huduma. Modemu ya ndani huchomekwa kwenye kompyuta. Ya nje husimama yenyewe na kuunganishwa kwa kebo. Ya nje ni bora zaidi kwa mazingira magumu: taa zake huonyesha hatua iliyofikiwa, na huweza kuzimwa na kuwashwa bila kuzima kompyuta. Modemu za ndani za bei rahisi ziliiachia kompyuta kazi karibu yote, na zilihitaji programu maalumu iliyokuja kwenye disketi au CD. Disketi hiyo ikipotea, modemu haikuwa na faida tena.

Pale ambapo umeme ni wa paneli za sola na betri, inveta ya bei rahisi huweza kuingiza mvumo kwenye laini ya simu. Dalili yake ni kwamba muunganisho hushika vizuri kompyuta ndogo inapotumia betri yake yenyewe, na hukatika inapounganishwa na inveta.

Kusanidi

Kwenye Windows 95 na 98 kazi ilifanyika katika sehemu ya muunganisho wa kupiga simu. Matoleo ya zamani zaidi hayakuwa nayo, na watu walitumia programu ya Trumpet Winsock iliyoandikwa na Peter Tattam wa Australia. Kwanza mtumiaji huitambulisha modemu kwa kompyuta. Kisha hutengeneza muunganisho mpya na kuandika namba ya simu ya mtoa huduma, jina la mtumiaji na neno la siri. Anwani ya IP huachwa itolewe na seva. Anwani za seva za majina huandikwa kama mtoa huduma alivyozitoa, au nazo huachwa zitolewe na seva.

Namba ya simu ndiyo huleta makosa mengi kuliko inavyodhaniwa. Kompyuta hupenda kujua nchi na msimbo wa mji, kisha huongeza tarakimu yenyewe. Mtu wa Karatu aliyeandika kwamba yuko Arusha alikuta kompyuta inauacha msimbo, au inaongeza sifuri asizozitaka. Dawa ni kuizuia kompyuta isitumie kanuni zake na kuandika namba nzima kama inavyopigwa kwa mkono. Jambo hili lilijitokeza sana karibu na mwaka 2000 misimbo ya simu ilipobadilishwa: Arusha ikatoka 057 kuwa 027, na Dar es Salaam ikatoka 051 kuwa 022. Kompyuta zilizokuwa zimesanidiwa vizuri kwa miaka ziliendelea kupiga namba iliyokufa, na wenyewe wakadhani modemu imeharibika.

Ofisini au hotelini huenda ikabidi kubonyeza 9 au 0 kupata laini ya nje. Baada ya tarakimu hiyo huwekwa alama ya mkato, ambayo modemu huielewa kama kusubiri sekunde mbili. Mkato mmoja usipotosha huwekwa miwili.

Modemu nyingi hufuata amri zilizotokana na zile za kampuni ya Hayes za mwaka 1981, ambazo zote huanza na herufi AT. Chache zinatosha. ATZ huirudisha modemu katika hali ya kuanzia, na AT&F huirudisha katika mipangilio ya kiwandani. ATDT hupiga namba kwa milio, ATDP hupiga kwa midundo kwa ajili ya mitambo ya zamani isiyoelewa milio. ATX3 huiambia modemu ipige hata kama haisikii mlio wa laini. ATS7=90 huiruhusu isubiri sekunde 90 kabla ya kukata tamaa, jambo la lazima pale simu inapopitia mitambo mingi kabla ya kuita.

Palipokuwa na kituo cha simu cha mkono, modemu haikuweza kupiga yenyewe kabisa. Mtu aliinua mkono wa simu, akamwomba opereta namba, akasubiri mpaka asikie mlio wa modemu ya upande wa pili, kisha akaipa modemu yake amri ya ATD bila namba na kurudisha mkono wa simu taratibu. Aliyechelewa sekunde chache alirudi kwa opereta kuomba upya.

Kwa barua zenyewe huhitajika majina ya seva mbili: ya SMTP kwa kutuma na ya POP3 kwa kupokea. Programu kama Eudora, Pegasus Mail na Outlook Express zote huuliza mambo hayohayo.

Kuandika kabla ya kupiga

Kosa la gharama kubwa kuliko yote halikuwa la kiufundi. Lilikuwa ni kuunganisha kwanza, kisha kuanza kufikiria maneno ya kuandika. Utaratibu uliofaa ulikuwa kuandika barua zote simu ikiwa imekatwa, kuziweka kwenye foleni, kupiga, kutuma na kupokea kwa mkupuo mmoja, kukata, halafu kusoma. Programu za barua zina kisanduku cha kukata simu zenyewe baada ya kumaliza, na pia kingine cha kupiga zenyewe kila baada ya muda fulani. Hicho cha pili kilipaswa kuzimwa. Ofisi iliyokisahau kikiwa kimewashwa mwishoni mwa juma ilikutana nacho tena kwenye ankara.

Anayefikiri kwa dakika huandika barua bila picha ya nembo chini ya jina, bila kurudisha barua nzima ya mwenzake, na humwomba mwenzake asitume kiambatisho kabla ya kuuliza. Ombi hilo lilionekana la kibahili kwa watu wa Ulaya waliokuwa na laini nzuri. Hawakujua kwamba picha yao ya harusi huenda ndiyo iliyozuia barua ya kuagiza dawa isipite.

Matatizo na utatuzi

Njia nzuri ya kutafuta tatizo ni kujiuliza simu imefika hatua gani: laini, kupiga, salamu ya modemu, utambulisho, au barua. Kipaza sauti cha modemu kiachwe wazi hadi tatizo lipatikane. Watu wengi walikizima kwa sababu ya kelele, wakajinyima chombo bora cha uchunguzi.

Modemu isiposikia laini hutoa ujumbe NO DIALTONE, na Windows huonyesha kosa 680. Kwanza chomeka simu ya kawaida kwenye tundu lilelile. Kama nayo ni kimya, tatizo ni la laini na si la kompyuta. Kama mlio upo, angalia kama waya umechomekwa kwenye tundu sahihi la modemu, maana nyingi zina matundu mawili, moja la laini na jingine la simu. Kama mlio upo ila ni tofauti na ule modemu iliyoundwa kuutambua, ATX3 humaliza kazi. Na kama jana usiku kulikuwa na radi, modemu huenda imekufa. Waya wa simu hupita kilomita nyingi juu ya nguzo na huleta umeme wa radi hadi mezani, hata kama kompyuta yenyewe ilikuwa imezimwa. Wakati wa vuli na masika kinga ya bei rahisi kuliko zote ni kuchomoa waya wa simu pamoja na wa umeme.

Kosa 676 ni simu inayotumika, na 678 ni kwamba hakuna aliyeitikia. Piga namba hiyo kwa mkono usikilize. Ukijibiwa na mtu mwenye usingizi, umepiga namba isiyo yake.

Salamu ya modemu ikianza lakini isiishe, au ikiisha na muunganisho ukakatika baada ya dakika chache kwa ujumbe NO CARRIER, hapo ndipo penye kazi kubwa. Inua simu ya kawaida, bonyeza tarakimu moja ili mlio wa laini ukatike, kisha sikiliza ukimya. Ukimya wa laini nzuri ni ukimya kweli. Ukisikia mikwaruzo, kuna maungio yaliyoshika kutu au yaliyoingia maji, na mara nyingi mikwaruzo huongezeka baada ya mvua na kupungua juani. Ukisikia mvumo usiobadilika, waya wa simu unapita karibu mno na wa umeme. Ukisikia watu wengine wakizungumza kwa mbali, nyaya zinagusana njiani. Maungio yaliyo ndani ya nyumba unaweza kuyasafisha mwenyewe; yaliyo kwenye nguzo ni ya kampuni ya simu, na inafaa umweleze fundi wake unachokisikia badala ya kumwambia kwamba intaneti haifanyi kazi.

Wakati huo wa kusubiri fundi, punguza kasi. Modemu iliyokubali 33,600 kwenye laini mbovu huanguka na kuanza upya mara kwa mara, lakini ikilazimishwa 14,400 au hata 9,600 huweza kukaa saa nzima. Watumiaji wapya huona vibaya kushusha namba hiyo, ingawa barua inayofika kwa 9,600 ni bora kuliko isiyofika kwa 33,600. Amri yake hutofautiana kati ya modemu na modemu. Nyingi za miaka ya mwisho hutumia AT+MS.

Kuna laini ambazo husikika safi kabisa sikioni lakini hazipandi kasi. Hizi mara nyingi zimebebwa mahali fulani kwa kiungo cha redio au mitambo inayobana sauti ili mazungumzo mengi yapite pamoja. Sikio la mtu halitambui, modemu hutambua. Simu inayopitia satelaiti nayo huchelewesha kila neno kwa robo sekunde, na itifaki zinazosubiri jibu baada ya kila kifurushi kidogo hupoteza muda mwingi zikisubiri. Ndiyo sababu watu wa FidoNet walipenda Zmodem, iliyoandikwa na Chuck Forsberg mwaka 1986: hutuma mfululizo bila kungojea, na simu ikikatika huendelea pale ilipoishia.

Kukatika ghafla kwa muunganisho uliokuwa mzuri mara nyingi kuna mtu nyuma yake. Mtu wa chumba cha pili ameinua simu ya laini hiyohiyo, au huduma ya kusubirisha simu imeingiza mlio wake katikati.

Kosa 691 ni la utambulisho: jina au neno la siri si sahihi, au muda wa akaunti umekwisha. Angalia kama kitufe cha herufi kubwa hakijawashwa. Kosa 633 humaanisha modemu imeshikwa na programu nyingine, na 720 ni kwamba kompyuta na seva hazikupata itifaki ya pamoja, jambo linalotibika kwa kuondoa na kusakinisha upya TCP/IP.

Tatizo la mwisho ni la barua zenyewe, na liliwachanganya watu kuliko yote: barua zilezile hurudi kila siku. Seva ya POP3 haifuti barua inapozituma. Huzifuta pale tu kompyuta inapoaga rasmi mwishoni. Simu ikikatika kabla ya kuaga, seva huhesabu kwamba hakuna kilichotokea, na kesho huanza tena na barua ya kwanza. POP3 pia haiwezi kuendelea katikati ya barua. Kiambatisho kimoja kikubwa kikikaa mwanzoni mwa foleni kwenye laini inayokatika kila dakika tano, kila simu hukianza upya na barua zilizo nyuma yake hazifiki kamwe.

Tiba ni mbili. Programu nyingi za barua huruhusu kuweka kikomo, mfano kutopokea barua inayozidi kilobaiti 50, na kupokea vichwa tu vya zile kubwa ili mtumiaji achague. Programu isipokuwa na uwezo huo, mtu huweza kuzungumza na seva mwenyewe kwa telnet kwenye lango la 110: hujitambulisha kwa USER na PASS, huomba orodha na ukubwa kwa LIST, hutazama kichwa cha barua ya kwanza kwa TOP 1 0, huifuta kwa DELE 1, na huaga kwa QUIT. Bila QUIT kazi yote ni bure. Ambaye haoni raha kufanya hivyo humpigia mtoa huduma kwa sauti na kumwomba aifute.

Mahali pasipo na waya

Vijiji vya Wasonjo viko mbali na Arusha kwa njia yoyote, iwe ile ya Mto wa Mbu, Engaruka na Ziwa Natron, iwe ile ya kupandia Karatu na kupita hifadhini. Hospitali, misheni na ofisi za upande huo wa Ngorongoro zilitegemea simu ya upepo ya masafa mafupi. Flying Medical Service, shirika la ndege za wagonjwa lenye makao Arusha, lilipokea miito kwa simu za namna hiyo.

Barua pepe huweza kupita humohumo. Mahali pa modemu ya simu huwekwa modemu ya redio, kwa mfano ya Pactor, iliyobuniwa na wapenzi wa redio wa Ujerumani. Hutuma kifurushi kifupi, hunyamaza, hungoja mwenzake athibitishe, kisha hutuma kingine; kilichoharibiwa na kelele hurudiwa. Pactor ya kwanza ilikwenda biti 200 kwa sekunde hewa ikiwa nzuri. Barua ya kilobaiti mbili ilichukua karibu dakika moja na nusu. Picha haikufikiriwa.

Utatuzi wa matatizo ya redio una kanuni zake. Mawimbi mafupi hufika ng'ambo ya milima kwa kugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini, na tabaka hilo hubadilika kwa saa. Kwa umbali wa kilomita mia mbili au tatu, masafa yanayofaa adhuhuri huwa juu kuliko yanayofaa usiku. Kituo kinachotumia masafa mamoja tu kitakuwa na saa zake za uziwi kila siku, hata mashine ikiwa nzima. Antena ya waya iliyotandazwa chini chini kati ya miti miwili hufaa zaidi kwa umbali huo kuliko nguzo ndefu, kwa sababu hurusha mawimbi juu na si pembeni. Na kwa kuwa redio ni moja, barua zilihitaji saa zilizopangwa: muuguzi anayeita ndege kwa ajili ya mama mwenye uzazi mgumu hawezi kusubiri faili limalizike.

Asiyekuwa na redio alikuwa na disketi. Barua ziliandikwa kijijini, zikawekwa kwenye disketi ya megabaiti 1.44, zikasafiri na gari hadi mahali penye laini, zikatumwa, na disketi ikarudi na majibu. Kwa barabara ya vumbi la Natron ilifaa kuifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuandika nakala mbili.

Simu ya mkononi nayo haikuondoa upigaji mara moja. Sauti ya simu ya GSM hubanwa sana, kwa hiyo milio ya modemu ya kawaida haipiti humo. Mtandao ulilazimika kutoa huduma maalumu ya data, mwanzoni kwa biti 9,600 kwa sekunde. Ilipokuja GPRS, kompyuta iliunganishwa na simu au na modemu ya kuchomeka, na dirisha lilelile la Windows likapiga namba *99#. Hakuna aliyeitikia upande wa pili wala mlio uliosikika, lakini PPP ilianza kama zamani, na kosa 734 lilitokea hasa pale jina la APN lilipoandikwa vibaya. Malipo yalihama kutoka dakika kwenda kilobaiti. Kikomo cha kilobaiti 50 kwenye programu ya barua kiliendelea kuwa na kazi, na uchunguzi wa kwanza haukuwa tena kusikiliza ukimya wa laini bali kutoka nje na modemu kwenye kebo ndefu, kutafuta sehemu ya kiwanja inayoona mnara.